Rubab na Jicho la Jua

Rubab binti Wasaya hakuwahi kumwomba mtu ruhusa ya kuwa fundi. Hilo ndilo lililotuudhi hapa sokoni, ingawa wengi wetu tulijidai kinachotuudhi ni uanamke wake. Baba yake, marehemu Allah Wasaya, alitengeneza umeme wa magari hapa Multan miaka thelathini, kibanda chake ukuta kwa ukuta na changu. Alipozikwa, sisi watu wazima wa soko tukaanza kujadiliana kwa upole kibanda apewe nani. Tungali tunajadiliana, asubuhi ya siku ya nne, tukasikia mlango wa bati unavutwa juu. Akatoka binti na ufagio. Akafagia, akanyunyiza maji mbele ya kibanda, akakaa kwenye kigoda cha baba yake na kuanza kufungua altaneta ya gari la mtu.

Nilikwenda kumwuliza kama kaka zake wana habari. Akanijibu kwamba hana kaka, na kwamba mimi najua fika hana kaka, sasa swali langu lilikuwa la nini. Nikarudi kwenye cherehani yangu nimenuna. Naitwa Karim Nawaz, mshona viti na mapambo ya magari, na sijazoea kujibiwa hivyo na mtoto niliyempakata.

Pale kwetu kila anayeshika bisibisi anaitwa Fundi. Hata Jindwadda, aliyeunguza nyaya za watu mpaka hesabu imetupotea, ni Fundi Jindwadda. Rubab aliitwa binti. Miaka sita amekaa kwenye kile kigoda, anawatengenezea watu magari yaliyoshindikana kwingine, na bado ni binti, binti njoo, binti shika hapa. Mgeni akifika na kuuliza fundi yuko wapi, yeye hujibu, "Unamtazama." Wapo waliogeuza na kuondoka. Waliobaki walirudi tena mwaka uliofuata, tena na shemeji zao.

Na mimi nilimwita binti. Yeye aliniita Baba mdogo, kama alivyofundishwa na marehemu, na chai yake ikichemka hakuna siku alininyima.

Sasa nieleze kuhusu kufuli, maana bila kufuli habari hii haina kichwa wala miguu. Soko letu lina kufuli la shaba, kubwa kama ngumi ya mtu mzima. Haji Murid, mwenyekiti wetu, analiweka kwenye mfuko wa kitambaa cha kijani. Fundi akithibitika amemdanganya mteja, kufuli hutundikwa kwenye mlango wake siku saba, mchana kweupe, watu wote wakiwa wamesimama. Ufunguo anapewa yule aliyedhulumiwa, na siku ya nane ndiye anayekuja kufungua kwa mkono wake. Siku saba bila kazi zinavumilika. Lakini jina halifunguliwi na ufunguo ule. Nimeliona likitundikwa mara tatu maishani mwangu, na wote watatu walihama soko kabla ya mwaka kuisha. Kwa Rubab ingekuwa ndiyo mwisho, kwani Jindwadda alikuwa akikimezea mate kile kibanda tangu siku ya matanga.

Basi mwezi wa sita akaja Malik Khizar, mwenye mashamba ya maembe upande wa Shujabad, na gari lake jeupe la Kijapani. Mwanawe alikuwa anaoa baada ya wiki mbili, na gari ndilo litakalombeba bwana harusi. Kiyoyozi kilikuwa kinamtesa. Asubuhi mnatetemeka mle ndani, adhuhuri mnaokwa. Mafundi watatu walishaongeza gesi, Jindwadda peke yake akaongeza mara mbili.

Rubab hakugusa gesi. Alimwuliza Malik kama shida inakuja jua likiwa kali tu. Malik akakubali. Akamwuliza tena, likipita wingu je, hali inabadilika? Malik akamwambia tangu lini Multan ikawa na wingu mwezi wa sita.

Akalitoa gari nje ya paa. Hapo ndipo wote tuliponyanyua vichwa. Soko letu limefunikwa bati na maturubai toka mwanzo wa kichochoro hadi mwisho, na mwezi wa sita hakuna mwenye akili timamu anayetoka chini yake kati ya saa nne na saa kumi. Chuma kinababua ngozi. Gari likija linaingizwa kivulini, linapimwa kivulini, linatengenezwa kivulini. Yeye akalowesha shela yake kwenye ndoo, akajitanda kichwani, akaenda kukaa kwenye lile tanuri na mita yake ya umeme. Kwenye kona ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, akachomoa kitu cheusi cha duara, hakizidi kifungo cha koti.

Akamweleza Malik kwamba lile ni jicho la jua. Linapoona jua kali, linaiambia kompyuta ya kiyoyozi iongeze baridi na ipulize kwa nguvu. Likipofuka, kompyuta inadhani mko kivulini, inawapunguzia, nanyi mnaiva. Akalifunika kwa kiganja, akalifunua, akalifunika tena. Mshale wa mita ukalala pale pale. Kisha akaleta jicho jingine alilolitoa kwenye gari la Kijapani lililokuja kuuzwa vipande vipande, akaliunganisha, akafanya vile vile. Funika, mshale unashuka. Funua, unapanda.

Niliyaona yote hayo kwa macho yangu, nikiwa nimeketi kivulini na gilasi ya lasi, mtindi wa baridi. Nilicheka. Nikamwambia jirani yangu kwamba binti Wasaya ameacha ufundi, sasa anafanya mazingaombwe. Nayataja haya kwa sababu baadaye nilitamani nisingekuwa nimeyaona.

Malik aliondoka amepoa, na siku ya pili akamletea boksi la halua ya sohan. Alipita kwangu pia. Alitaka dashibodi ivikwe kwa ajili ya harusi, akasema, "Nawaz, nisione plastiki hata kidogo." Kwa kazi hiyo hakuna wa kunishinda kutoka hapa hadi mtoni. Nilimtolea mahameli ya rangi ya damu ya mzee, nikaweka sponji chini yake ili mkono ukigusa uzame, nikaning'iniza vishada vya dhahabu ukingoni. Nilipomaliza nilisimama nje ya gari nikalitazama kwa muda mrefu. Nilijisikia kijana.

Baada ya wiki Malik akarudi, shati limemganda mgongoni na hasira zimempanda. Alikuwa amewachukua wakwe watarajiwa kwenda kuona ukumbi adhuhuri ya siku iliyotangulia, na mama wa bibi harusi akazimia kwa joto kwenye kiti cha nyuma. Safari hii hakwenda kwa Rubab. Alikwenda kwa Jindwadda. Jindwadda akachomeka mashine yake ya kusomea magari, papo hapo chini ya bati, na mashine ikaandika namba inayomaanisha jicho la jua lina hitilafu. Jindwadda akageuza mashine ili Malik aione vizuri.

"Amekuwekea la bandia," akamwambia. "Mimi nisiseme mengi, yule ni kama mwanangu. Lakini ndio hivyo."

Kabla ya adhuhuri, ule mfuko wa kijani ulikuwa umeshawekwa mezani. Tulikusanyika watu kama arobaini, vitambaa vyenye maji vichwani, gari katikati yetu. Mimi nilikaa mstari wa mbele, maana ni mmoja wa wazee wa kamati ya soko. Haji Murid alizungumza kwa sauti ya kubembeleza, anayoitumia akishaamua. Akasema soko lina heshima yake, na mtoto akikosea hapigwi, anafundishwa. Akamtaka Rubab akiri tu, yaishe kwa siku saba.

Rubab alikuwa amesimama, mikono ina grisi mpaka viwikoni. Akasema hakiri. Akauliza mashine ilisomwa wapi.

"Hapa hapa," Jindwadda akajibu. "Kwani ulitaka nikaisomee Lahore?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Yeye akasubiri kicheko kiishe, akamgeukia Haji na kumwuliza kama kiyoyozi cha gari lake yeye Haji kina shida yoyote. Haji akasema kinagandisha, sifa njema zote ni za Mungu. Rubab akaichukua ile mashine mikononi mwa Jindwadda bila kumwomba, akaenda kwenye gari la Haji lililokuwa limeegeshwa mlangoni mwa ofisi, chini ya bati lile lile, akaichomeka. Akairudisha na kuiweka mezani mbele ya Haji. Namba ilikuwa ile ile. Jicho la jua, hitilafu.

Haji alivaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Kila gari mnalolipima chini ya bati hili lina ugonjwa huo," Rubab akasema. "Jicho likiwekwa gizani halina cha kuona, na mashine inaandika limekufa. Halijakufa, mmelifungia ndani. Sasa Fundi Jindwadda atuambie, tangu anunue mashine hii amewauzia watu macho mangapi?"

Wenye magari wawili watatu pale walianza kumtazama Jindwadda kwa namna ambayo isingenifurahisha kama ningekuwa mimi. Rubab akasema gari la Malik litolewe juani lipimwe huko. Hakuna aliyenyanyuka, na ufunguo wa gari ulikuwa kwa Jindwadda. Nje ilikuwa nyuzi arobaini na saba, na heshima yetu yote ilikuwa kivulini. Basi Rubab akaweka gia huru, akashika nguzo ya mlango, akatia bega, akasukuma peke yake. Sandali zake zilikuwa zinateleza kwenye vumbi na yeye hakusimama. Malik mwenyewe ndiye aliyeona aibu mwishowe, akaenda kusukuma nyuma.

Wakalifikisha juani. Jindwadda akalifuata na mashine yake, akawasha gari, akachomeka. Sisi tukasogea mpaka ukingo wa kivuli. Akasoma moyoni, kisha akasoma kwa sauti, polepole, neno moja moja, ili hata wa mwisho asikie. Jicho la jua. Hitilafu.

Lo, kicheko kilichopigwa siku ile. Mtu mmoja alipiga hata mluzi. Haji akafungua kamba ya mfuko wa kijani na kulitoa lile kufuli.

Kutoka nilipokuwa niliiona dashibodi kupitia kioo cha mbele, nyekundu, imetuna, vishada vinameremeta. Nikakumbuka. Nilipokuwa navika ile mahameli nilikutana na kijiuvimbe kwenye kona, kama kifungo cha koti. Kilinisumbua kwa kuwa kiliniharibia ulaini. Nikaongeza sponji juu yake, nikapaka gundi, nikakandamiza kwa vidole viwili mpaka kikapotea. Na siku chache tu kabla ya hapo nilikuwa nimemwona Rubab akikifunika na kukifunua kiganjani, mshale ukishuka na kupanda.

Nilijua basi. Katika watu arobaini nilikuwa mimi peke yangu niliyejua, na nikanyamaza. Sitaki kujipamba. Nilijiambia kwamba huenda nimekosea, nikajiambia mimi si fundi umeme, nikajiambia siku saba si kifo na yeye bado kijana. Kinywa changu kilikuwa kizima na nilikifunga mwenyewe.

Rubab hakulia. Walimtazama sana wakisubiri alie. Aliingia kwenye gari, kwenye kile kiti kinachounguza, akanyoosha mkono kwenye ile kona kulifunika jicho kwa kiganja, kama alivyofanya mwanzo. Kiganja kikakuta mahameli. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Kisha akainua uso na kunitazama kupitia kioo, mimi peke yangu. Alisubiri. Alinipa muda wa kutosha mtu kusimama na kusema jambo, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Akatoa wembe mfukoni.

Malik akapiga kelele kwamba asithubutu, ile ni ya harusi. Yeye ni kama hakusikia. Alikata duara dogo kwenye mahameli yangu, akakwangua sponji kwa ukucha, akatupa vipande vyake nje. Feni ya kiyoyozi ikabadilisha sauti pale pale. Tuliisikia kutoka kivulini, ikipanda, ikipanda zaidi. Malik akaingiza mkono kwenye tundu la hewa akauacha humo, na hasira ikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Soma," Rubab akamwambia Jindwadda.

Jindwadda akasema mashine yake imepata joto. Haji Murid akamwamuru asome.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna nini?"

"Hakuna hitilafu."

Rubab akalifunika jicho kwa kiganja, namba ikarudi. Akalifunua, ikaondoka. Alifanya hivyo mara tano, ingawa mara moja ilitosha, na kila mara alimlazimisha Jindwadda atamke kwa sauti ile ile aliyosomea mwanzo.

Haji akavuta pumzi na kumshukuru Mungu. Akasema yameisha, mwanangu arudi kazini, sote tunywe kitu cha baridi. Akawa analirudisha kufuli kwenye mfuko.

"Hayajaisha," Rubab akasema. Alikuwa ameshatoka garini, shela imekauka kichwani, uso mwekundu. "Hilo kufuli mmelitoa mfukoni kwa ajili yangu, watu wakiona. Halirudi bure."

"Unataka tumfungie nani? Jindwadda amekosea, hakudanganya."

"Sijamtaja Jindwadda."

Wala hakuniangalia. Angeniangalia ningepata cha kukasirikia.

Nikasimama. Magoti yangu ni mabovu na nilichukua muda. Nikasema mahameli ni kazi yangu, na lile jicho nililiona nikalifunika. Haji, Mungu ambariki, akawahi kuniokoa. Alisema sote tunamjua Nawaz, kosa la kushona si udanganyifu, na kanuni ya kufuli ni udanganyifu.

"Kushona kweli si udanganyifu," Rubab akasema. "Na kunyamaza je, Baba mdogo?"

Neno hilo la Baba mdogo ndilo lililonimaliza. Angeniita jina lingine lolote ningegombana naye. Nikawaambia wote kwamba nilijua tangu gari lilipofika juani, na nilinyamaza ili afungiwe yeye. Nikalichukua kufuli mkononi mwa Haji. Lilikuwa la moto. Nikaenda kulitundika mwenyewe kwenye mlango wangu, na ufunguo nikampelekea kibandani kwake, alikuwa ameshakaa kwenye kigoda.

Siku saba, msimu wa harusi umepamba moto. Magari yalikuja, yakaona kufuli, yakaenda kwingine. Nyumbani mke wangu hakuniuliza kitu, na hiyo kwake ni adhabu kubwa kuliko ya soko. Wengine walinipitia kunishauri nihamie soko la upande wa pili, kama wale watatu. Niliwaambia waniondokee. Kama mtoto yule aliweza kusimama mbele ya watu arobaini wanaomcheka, mimi nitashindwaje kusimama mbele ya kufuli?

Siku ya nane nilifika mapema nikakaa pembeni mwa mlango wangu. Rubab alikuja kwa wakati wake. Kwanza alifagia kwake. Akanyunyiza maji. Akachemsha chai, akanywa yote bila haraka, na siku hiyo hakunimiminia. Soko zima lilikuwa limesimama limejifanya lina kazi, Jindwadda naye na kikombe chake. Ndipo akaja, ufunguo unaning'inia shingoni kwa uzi.

"Nifungulie, binti," nikamwambia.

Hakusogea. Aliushika ufunguo kwa vidole viwili, akaugeuza geuza, akaangalia upande wa barabarani kama mtu anayesubiri basi.

"Umesema nani?"

Nilitazama viatu vyangu. Kisha nikakumbuka mara ya mwisho nilipovitazama, nikainua uso.

"Nifungulie, Fundi," nikasema, tena kwa sauti ya kumfikia Jindwadda.

Akafungua. Kufuli akaliacha mkononi mwangu, nilirudishe kwa Haji mimi mwenyewe, na akaanza kuondoka kwa kuwa kulikuwa na gari linamsubiri, limeegeshwa juani. Hatua chache mbele akageuka.

"Malik anakuja saa nne. Lile tobo nililokata limeanza kufumuka. Lipige ukingo vizuri, leo ndiyo harusi."

"Sawa, Fundi," nikamjibu, na safari hii hakuna aliyenisubiri niseme.